Kuhusu Kupewa Baiskeli Isiyohitaji Watu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Waendesha Baiskeli wa Jumamosi,
Karakana iliyo nyuma ya nyumba yetu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ninakuandikia kwa cheo chako cha Mwenyekiti, si kama shangazi yangu. Shangazi yangu namkuta jikoni kila asubuhi, na nimeshajaribu mara tatu: nafungua mdomo, ananiuliza kama nataka chai, nasema ndiyo, mazungumzo yanaishia kwenye sukari. Shuleni nimefundishwa kwa lugha mbili, na kwa zote mbili nanyamaza vizuri sana. Kuandika ndiko ninakokuweza. Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wa karakana, uisome nikiwa sipo.

Umesema nichague kabla ya Ijumaa moja kati ya baiskeli mbili zinazoning'inia ukutani, na kwamba itakayobaki itakwenda kwa mteja. Ya kwanza ni ya barabarani, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume, ambayo wewe na wanaklabu mnaisifu kama vile mnaitafutia mchumba. Ya pili ni ya triatloni, yaani ule mchezo wa kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia. Ina vyuma viwili vimechomoza mbele. Unalaza viwiko, unainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano. Umesema pia, huku ukifuta mnyororo, kwamba mwenye akili atachagua ya kwanza.

Naomba nipewe ya pili. Sababu zangu nimezipa namba ili nisikatizwe.

1. Baiskeli ya barabarani haiji peke yake, inakuja na watu. Jumamosi ile uliponiazima baiskeli nikaenda nanyi, nilidhani tunakwenda kuendesha baiskeli. Kumbe ni mkutano wenye magurudumu. Mnakwenda wawili wawili, na kila mkifika nguzo ya kilomita mnabadilishana wenza, asije mtu akarudi nyumbani bila kuhojiwa na kila mmoja wenu. Tulikuwa wanane. Nilieleza niko darasa gani mara saba, maana hata wewe uliniuliza, na mara ya saba nilikuwa nimeanza kuwa na mashaka nalo.

2. Yule mwanaklabu wenu, daktari wa meno. Sina ugomvi na kazi yake. Ila mtu akipanda kilima hupumua kwa mdomo, na huyu bwana akiwa ubavuni kwako huchungulia. "Gego la chini, kushoto," aliniambia. "Njoo Jumatatu." Ndiye yuleyule aliyenyoa miguu ili kupunguza ukinzani wa upepo, akaliacha tumbo liendelee na shughuli zake. Alinieleza kwa nguzo nzima jinsi baiskeli yake ilivyopungua gramu mia mbili baada ya kubadilisha kiti. Tuliposimama alikula vipande vinne vya keki. Kwenye triatloni uso wa mtu unaelekea lami, na meno yake yanabaki siri ya familia.

3. Huko kusimama kwenyewe. Safari nzima ilichukua saa tatu, na saa moja na nusu kati ya hizo mlikuwa mmekaa kwenye viti vya plastiki mkijadili mwendo kasi.

4. Hili la nne ningeliruka, lakini namba nimeshaiandika kwa wino.

Mna desturi kwamba wa mbele akiona shimo anapaza sauti, "Shimo," aliye nyuma yake anarudia, na wa nyuma ya huyo anarudia, mpaka limfikie wa mwisho. Wakati huo tulikuwa kwenye mstari mmoja kwa sababu ya malori. Mimi nilikuwa wa saba, na wa nane yule kinyozi mwenye duka kwenye njia ya shule. Neno likaja kutoka mbele, mtu kwa mtu, likanifikia. Nililipokea vizuri. Kisha likanikwama kooni. Nikanyoosha kidole, Mwenyekiti, na nataka hili liingie kwenye kumbukumbu za klabu: kidole kimoja, chini, karibu na paja, kwa adabu.

Kinyozi hakukiona. Gurudumu lake la mbele likazama, naye akarushwa juu ya usukani. Goti, kiwiko, na rimu ikapinda kama kadi iliyolowa. Akakaa pembeni ya barabara akinitazama bila hasira yoyote, jambo ambalo ni baya kuliko hasira, akasema, "Binti, hiyo sauti unamtunzia nani?"

Mkacheka wote. Hata wewe, Shangazi. Samahani: Mwenyekiti.

Tangu siku hiyo sipiti mbele ya duka la kinyozi. Naenda shule kwa uchochoro wa nyuma ya maduka ya vipuri, nachelewa dakika kumi na moja, na mwalimu wa zamu anadhani nina mchumba. Mimi. Angejua kwamba sijaweza hata kumwambia mtu kuna shimo.

5. Sasa tazama upande wa pili. Nimesoma kanuni za triatloni usiku na mchana. Katika mashindano mengi ya mchezo huo ni kosa kumfuata mwenzako kwa karibu ili akukingie upepo. Unatakiwa kumwachia mita kumi na zaidi, na ukikaidi unaadhibiwa. Nionyeshe mchezo mwingine unaowaadhibu watu kwa kunisogelea. Nyuma yangu hakutakuwa na mtu anayetegemea koo langu. Shimo likija ni langu mwenyewe. Nitaingia kimya kimya na kutoka kimya kimya, na hakuna goti la mtu mzima litakalohusika.

6. Umezitaja kasoro za baiskeli hiyo, nazijibu. Kwamba ukilaza viwiko breki zinabaki mbali: kweli, ila ninayetaka kumkimbia simfungii breki. Kwamba inakata kona kwa shida: nitatafuta barabara zilizonyooka. Kwamba ni vigumu kuinua mkono kumsalimia mtu njiani: hapo ndipo uliponishawishi kabisa. Na kwamba sijui kuogelea. Hili nalikiri. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya beseni. Lakini nyinyi wapenda barabara mnajiita wanamichezo kwa mchezo mmoja tu, tena wa kukaa. Mimi nitakuwa na miwili kati ya mitatu, nimewazidi kwa mmoja.

7. Kwa kuwa mantiki ni ileile, naomba Mwenyekiti aifikirie klabu yenyewe. Iendelee kuwepo, ila watu wasikutane. Kila mwanachama aondoke kwa saa yake na njia yake, arudi kwake, aandike ripoti fupi. Mafanikio yakionekana, mita kumi ziletwe mezani kwetu, hasa wageni wakija, kisha nitaandika barua kama hii kwa mwalimu mkuu kuhusu mpangilio wa madawati. Sitaki dunia nzima. Nataka kipenyo.

Natumaini ombi langu litapokelewa kwa uzito wake. Wasalimie wanaklabu wote, goti la kinyozi likiwa la kwanza, na umwambie daktari kwamba kutokwenda kwangu Jumatatu kulikuwa kwa makusudi.

Ni mimi, katika upweke niliojipangia vizuri,

Mtoto wa kaka yako,
chumba cha pili kushoto.

Nyongeza baada ya sahihi:

Nimekuja kuipitisha barua nikakuta mlango wazi, wewe umetoka, na kinyozi amekaa kwenye kigoda ananyoosha rimu yake. Nilitaka kurudi nyuma lakini alishaniona kivuli. Akasema, "Miwani nimeisahau dukani. Nazungusha gurudumu, wewe tazama. Rimu ikigusa mpira wa breki, sema." Nikatazama. Ikagusa. Kidole hakingefaa, alikuwa ameinamia spoki. Nikasema, "Hapa." Akakaza. Akazungusha tena. Nimesema "hapa" mara kumi na nne, na hakuna hata mara moja aliyoniuliza nimesema nini.

Kwa hiyo barua isome kama ilivyo, maana nimeiandika kwa siku mbili, ila uamuzi wake ugeuze. Ile ya triatloni mpe mteja wako. Ya barabarani nimeiteremsha ukutani na kiti nimekishusha vidole viwili, usikiguse. Kinyozi ameuliza Jumamosi nani atamtangulia. Nimemwambia ni mimi.