Shusha Mpaka Mwisho

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe ametangaza: Jumamosi, gari atakalopanda yeye ndilo litakaloongoza msafara wa harusi. Langu, au la mwanyumba, yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Mwanyumba! Ana gari la kubebea magodoro! Langu ni la mbio. Linahitaji shokapu za kurekebisha tu, likae chini, watu wajue nani ni nani.

Jumanne, 5 Machi
Dukani. Aina mbili. Za kijivu: kimo unarekebisha peke yake, ugumu peke yake. Nyekundu: ukishusha gari, springi inabanwa, gari linakuwa gumu kama umekalia ubao. Fundi wangu akanisihi nichukue za kijivu. Rangi ya sufuria! Nikachukua nyekundu. Akauliza nani atalala chini ya gari azione. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kazifunga. Akauliza ashushe kiasi gani. Nikamwambia shusha mpaka mwisho. Akasema mwisho ni wa kupigia picha, si wa kuendeshea. Nikamkumbusha mwenye gari ni nani. Akashusha. Sasa hata paka wa jirani hapiti chini. Raha iliyoje! Mke wangu akauliza kama matairi yote manne yamepata pancha. Hajui kitu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kapanda langu! Mwanyumba kanywea. Ushindi ulidumu mpaka getini. Tuta! Gari limelalia tumbo juu yake, matairi ya nyuma yanazunguka bure. Magari tisa nyuma yangu, honi tupu. Mwanyumba akaja na meno yake yote nje, akashauri tupunguze uzito. Ikabidi nimwombe mama mkwe, kwa heshima zote, ashuke. Akauliza kama huku ndiko kushusha nilikokusifia wiki nzima. Akahamia kwenye gari la magodoro, likaongoza msafara. Mimi nikafuata lori la viti, kila shimo najiuma ulimi. Niliona aibu, nakiri. Kama dakika mbili.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Shokapu hazina kosa. Mwenye kosa ni aliyejenga lile tuta. Fundi kapiga simu, eti nusu saa tu inatosha kulipandisha gari. Nimemkatia. Kesho anakuja mwashi na nyundo. Ameuliza tuta alipunguze kiasi gani.
Nimemwambia ashushe mpaka mwisho.