Viti Vitano vya Kwenda Rumbek

Jumatatu, 4 Agosti

Haiwezekani! Eti Jael naye anafikiriwa kwa umeneja wa mauzo. Jael! Hajamaliza mwaka Juba, bado anachemsha hata maji ya kunawa uso. Mimi nimeuza sola tangu kampuni ikiwa meza moja kule Jebel. Bosi Barnabas anasema atakayepata sahihi ya Majok, mwenye hoteli kule Rumbek, kwenye mkataba wa sola ndiye meneja. Barabara imeliwa na mvua. Ndege ya abiria imejaa wiki nzima, na wapinzani wetu, kampuni ile nyingine ya sola, wameshakata tiketi. Nina wazo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemhutubia bosi hadi chai yake ikapoa. Kampuni ikikodi ndege yake, nikasema, inaondoka saa mnayotaka na kurudi jioni, hakuna kulala hotelini. Mnapanga mambo angani bila mgeni kusikia siri zenu. Na mteja akikuona unashuka kwenye ndege yako, anajua anashughulika na watu wazito. Amekubali! Kisha akaharibu: Jael aende pia, maana kiti kitupu ni hasara. Hasara ni Jael.

Jumatano, 6 Agosti

Tunaruka kesho. Kindege kina viti vitano, sisi wawili. Jioni nyumbani Hai Malakal nilimdokezea Shangazi Akuac, ajue tu nimefika wapi. Ndiye aliyenilea Kitale tulipokuwa wakimbizi, nimfiche? Akapiga kigelegele. Akasema mtu mwenye ndege hawezi kumwacha shangazi yake akose harusi ya Rumbek Jumamosi. Nikakubali kiti kimoja, asimwambie mtu. Akaapa kwa Biblia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi!

Nilifika uwanjani nimevaa suti. Shangazi alikuwa pale na godoro. Godoro la bibi harusi! Na sufuria ambayo mtu mzima angeoga ndani. Hayo ningeyamaliza. Lakini nyuma yake alisimama baba wa mchumba wangu Agum, na fimbo yake, pamoja na kaka mkubwa wa mzee huyo, nao eti wanakwenda harusini. Mazungumzo ya ng'ombe wa mahari hayajaisha. Nani anamwambia mzee kama huyo kwamba hakuna nafasi? Niliwasalimu kwa mikono miwili, nikawabebea mizigo mwenyewe.

Rubani Morris, Mkenya asiye na adabu, akatupima kwenye mizani mmoja mmoja kama magunia ya mahindi. Akasema uzito umezidi, abaki mtu au godoro. Shangazi akasema godoro la bibi harusi halirudishwi nyumbani, ni mkosi, khalas, neno limekwisha. Wazee wakatazama mawingu. Jael, aliyepimwa wa kwanza, alikuwa ameshajifunga mkanda, kompyuta mapajani. Nilimkazia macho. Akaniambia, "Pole, Majur. Si basi unipee ile michoro ya paa la hoteli?"

Pole! Nilibaki kwenye lami na suti yangu, wakinipungia mkono.

Ijumaa, 8 Agosti

Majok ametia sahihi! Kwa Jael! Na nani aliyemtafsiria kwa Kidinka? Baba mkwe wangu mtarajiwa! Kumbe yeye na Majok walichunga ng'ombe pamoja utotoni. Bosi ananisimulia huku akicheka: mzee alimwambia Majok kwamba binti huyu ni mtu mkubwa, hata kijana wa kampuni alimpisha kwa heshima.

Nilimpisha nani? Nilipisha godoro!

Bosi anasema sikukosea, ndege ya kukodi inalipa kweli. Watu wa ile kampuni nyingine wamefika Rumbek leo, wamekuta kazi imekwisha. Wazo langu! Meneja ni Jael, na kuanzia Jumatatu nitamwomba yeye ruhusa ya kutoka ofisini. Sijala.

Jumatatu, 11 Agosti

Agum amepiga simu. Baba yake anausifu sana unyenyekevu wangu, na anauliza ndege nyingine ni lini, ana shemeji mjini Wau. Hata haya hana!

Nimekaa, nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Ndege ilikuwa ndogo! Basi kuna mteja Wau, na nimemshawishi bosi akodi ya viti kumi na viwili. Nikimpata huyo mteja, umeneja utarudi kwa mwenyewe. Nitakaa kiti cha mbele kabisa, tuone nani atanishusha. Na safari hii ni siri tupu, hajui mtu.

Nimemwambia Shangazi tu. Ameapa kwa Biblia ile ile.