Skrini ya Dubai na Ufunguo wa Ateliye

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Skrini imefika! Soumaya, binti wa Dada Mwanasiti, ameituma kutoka Dubai. Kubwa kama mlango wa kabati. Kwenye boksi wameandika 4K. Sijui K ni nini, lakini ziko nne, na ile skrini ya zamani iliyokufa juzi haikuwa na hata moja.

Imekuja wiki yenyewe. Jumatatu ijayo Dada anapanda ndege kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Soumaya. Atakaa huko mwezi mzima. Ateliye yake ya kudarizi hapa Buyenzi lazima amwachie mutu. Tuko wawili. Kuna mi, Shakuru, mdogo wake wa tumbo moja, ninayeshughulika na kompyuta. Na kuna Khaled, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, anayeshughulika na viatu vyake vyenye ncha. Dada amesema ataangalia kazi ya wiki hii, ndipo aamue nani ashike ufunguo. Kazi yenyewe ni imvutano sita, zile nguo za sherehe za kujitanda, za wasichana watakaomsindikiza bibi harusi Orlane, wa Kinindo. Zote ua moja. Mama Orlane anazifuata Ijumaa.

Nimechomeka ule waya wetu wa zamani. Imewaka! Kompyuta yetu ni ya Linux, niliiweka mi mwenyewe mwaka jana baada ya flashi za wateja kutuletea virusi vya kila kabila. Picha ina ukungu kidogo, lakini kubwa mashallah. Elvire, fundi wetu, amefanya kama siku zote: ameweka karatasi ya kalki juu ya kioo cha skrini, akafuatisha ua kwa kalamu, akatoboa mistari kwa sindano, kisha akapitisha unga wa chaki kwenye vitundu mpaka ua likatokea juu ya kitambaa. Karatasi moja inatosha vitambaa viwili, halafu inachoka, anachora nyingine. Ameniuliza kama hili ua halijanenepa. Nimemjibu kwamba skrini imenenepa, kwa hiyo na ua lazima linenepe. Hesabu ya darasa la tatu! Amerudi kwenye kitambaa chake.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Khaled amekuja. Nani kamwita? Amesimama mbele ya skrini, mikono nyuma, kama inspekta. Akasema picha ina ukungu kama kioo cha bafuni. Akasema Linux ni kitu cha bure na cha bure ndivyo kilivyo. Yeye angeweka Windows na mambo yangekaa sawa kabla chai haijapoa. Mbele ya Dada! Dada akaniuliza kama ni kweli. Nikasema apana, skrini bado ina uchovu wa safari.

Nikaingia kwenye mtandao. Kuna Mbrazili mmoja mwenye shida kama yangu. Walimpa amri moja ya kuandika. Nimeiandika herufi kwa herufi. Majibu ya chini yake sikusoma, yalikuwa marefu. Skrini ikazimika. Yote! Nyeusi tii, na kijisanduku kinaelea kikisema hakuna ishara. Nimeizima, nimeiwasha. Nimeisomea Bismillahi. Hakuna ishara. Nimemwambia Dada kwamba umeme umekatika. Nyuma yangu cherehani zote zilikuwa zinalia.

Khaled amecheka mpaka akakaa chini. Mungu anamwona.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Waya! Kumbe ni waya! Leo nimesoma yale majibu ya chini. Wa kwanza kabisa anamwambia Mbrazili asiandike ile amri hata kidogo, atafute waya mwingine, maana waya wa zamani haubebi picha nzito. Kwa nini hawakuandika hiyo juu?

Nimepata mwingine sokoni. Muuzaji ameapa ni mpya. Vumbi lake ndilo la zamani. Nimechomeka, nimewasha upya, salala! Nukta milioni nane, zote kwangu! Kila uzi wa ua unahesabika. Kuna mambo madogo. Herufi zimekuwa sisimizi. Mshale nao unaburura miguu, unauvuta kushoto, unafikiria kwanza, ndipo unakwenda. Inasemekana waya unapitisha picha thelathini kwa sekunde badala ya sitini. Nitashughulikia.

Ua limekuwa kama haragwe. Elvire amelichora pua ikiwa imegusa kioo. Ameuliza kama hatuwezi kulikuza kidogo. Nimemweleza kwa upole kwamba mutu hapewi nukta milioni nane ili azifiche. Huu ndio ubora. Vitu vya thamani vyote ni vidogo, aangalie dhahabu. Amesema sawa, we ndiye mdogo wa patroni. Sikuipenda sauti yake.

Baadaye Dada amepita bila miwani. Ameinama, akatoa leso, akalifuta ua. Alidhani ni uchafu.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Asubuhi Dada ameamuru maandishi yakuzwe, Elvire anaumwa macho. Linux imenipa njia mbili: mia kwa mia au mia mbili kwa mia. Katikati hakuna. Nimechagua mia mbili. Ua limekuwa la wastani, zuri, kama la zamani kabisa. Elvire amechora karatasi ya mwisho. Nikakaa nikijiona na ufunguo mfukoni.

Khaled amekuja, amekaa kwenye kiti changu, amejizungusha, amebonyeza bonyeza klaviye ya kompyuta huku akiongea na simu. Nimemwacha. Tajiri wa roho!

Halafu, baada ya Alasiri, Elvire amepiga pasi zile imvutano na kuzitundika zote sita kwenye kamba. Zote pamoja. Kwa mara ya kwanza.

Yarabi. Mbili zina maua kama kabichi. Mbili zina maharagwe. Mbili ndizo zina maua ya watu. Elvire amekunja mikono tu. Mama Orlane anakuja kesho, na kufumua ni kazi ya wiki mbili.

Mutu mwenye akili anajulikana wakati wa shida. Nimemwendea Dada uso umenisinyaa. Nimemwambia kwa huzuni kwamba kuna mutu alikaa kwenye kiti changu, akabonyeza mambo asiyoyajua, na saizi zikavurugika. Sikumtaja. Dada ndiye aliyemtaja. Akaniuliza kama nina hakika ni Khaled. Nikaapa, Wallahi. Naapa vizuri nikiwa na hofu.

Dada amekaa juu ya jora la kitambaa. Akasema mtoto wa Soumaya ameshaanza kucheka, na yeye anamwona kwenye simu tu, simu yenyewe ina ufa. Akasema kama kazi ya Mama Orlane imeharibika, haendi popote. Atabaki kufumua. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Nimeona haya kweli kweli, mpaka chakula cha jioni.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Siwezi kuandika. Naandika.

Mama Orlane amefika na wasichana wake sita, wawili wadogo, wawili wa kati, wawili warefu kama milingoti. Dada amemwomba radhi kabla hata hajafungua mdomo. Akamwambia aangalie mwenyewe, na lolote atakalosema yuko tayari. Wasichana wakavaa. Wadogo wakajichagulia maharagwe. Warefu wakachukua kabichi, ndizo zilizowakaa. Wakapanga mstari. Mama Orlane akatazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Mi nilikuwa nimeshasogea karibu na mlango.

Akapiga makofi! Akalia machozi! Akasema ua linachipua, linafunguka, linachanua, mpaka linamfikia bibi harusi! Tangu azaliwe hajaona fikra kama hii, Kinindo nzima watakoma! Nani, akauliza, nani mwenye kichwa hiki?

Dada ni mkweli, ndio ugonjwa wake. Akajibu: Khaled.

Nikafungua mdomo. Nikasema kwa kweli, ukiangalia kwa undani, fikra ilikuwa yangu. Dada akanigeukia taratibu. Akanikumbusha kwamba jana tu nimeapa Wallahi kwamba zile saizi ni kazi ya Khaled. Akauliza je, jana niliapa uongo? Mbele ya Mama Orlane, mbele ya wasichana sita, mbele ya Elvire aliyekuwa anauma ncha ya kitambaa ili asicheke. Nikasema apana. Ni Khaled.

Na Khaled huyo hapo mlangoni! Alikuja kuomba vocha ya simu! Mama Orlane akamshika mikono yote miwili. Yule kiumbe hakuuliza hata ni pongezi za nini. Akainamisha kichwa, akasema kipaji ni cha Mungu, yeye ni mtumishi tu.

Nimekwenda kunywa maji.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Harusi. Wasichana wamepita kwa mstari, simu zote juu. Shangazi wa Orlane kutoka Ngagara ameagiza hapo hapo imvutano kumi na mbili za mwezi wa nane, saizi tatu zile zile, na akataka zisimamiwe na yule kijana wa viatu. Dada amempa Khaled ufunguo mbele ya watu. Amempa kwa mkono wa kulia. Mi nimekula sahani tatu kwa hasira na sikusikia ladha ya hata moja.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Mungu halali! Dada amemkalisha Khaled mbele ya skrini ili amwone akitoa saizi tatu kabla hajasafiri. Khaled amevuta mshale. Mshale haukwenda. Ameuvuta tena, ndipo ukaitikia ule mvuto wa kwanza. Jasho. Akauliza Windows iko wapi. Akabonyeza kitu, kila kitu kikalala upande. Akakumbuka ghafla kuna mutu anamsubiri kule Kajaga, ziwani, na samaki. Ufunguo ameuacha juu ya meza. Simu yake haipatikani.

Dada ameutazama ule ufunguo. Halafu akanitazama mi. Sijawahi kumwona amechoka hivyo. Kasha lake la safari lilikuwa limeshafungwa, juu yake kuna kisweta alichomfumia mtoto. Akasema mpango ni huu, na ni mwepesi. Elvire ametunza zile karatasi tatu za ua, kubwa, dogo na la wastani. Atazinakili polepole juu ya meza, hahitaji skrini, hahitaji kompyuta, hamhitaji mutu. Kazi yangu ni kufungua mlango asubuhi na kuufunga jioni. Akauliza kama naweza. Nikasema naweza hata usingizini. Akasema hilo ndilo analoogopa.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Tumemsindikiza Dada uwanja wa ndege. Amelia. Amenishika bega, akaniwekea ufunguo kiganjani, akanifunga vidole kwa mkono wake mwenyewe. Akasema: usiguse ile skrini. Nikaapa. Akasema niape bila hofu. Nikaapa tena. Nilimaanisha, mi nampenda dada yangu.

Nimerudi. Nimefungua mlango. Nimekaa kwenye kiti changu. Nimeitazama ile skrini na ile skrini imenitazama. Mshale bado unaburura miguu. Aibu hii aikute akirudi? Ni namba moja tu ya kubadilisha, thelathini iwe sitini. Mbrazili amefanya, amefurahi, ameweka na picha.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Nyeusi tii. Hakuna ishara. Sina wasiwasi, ni waya unalegea tu. Nimeukaza vizuri nyuma ya mashine kwa karatasi kuukuu nilizozikuta mezani kwa Elvire, tatu, zimejaa vitundu, hazifai kwa kitu chochote. Imebidi nizichane vipande vipande ndipo zikaingia.

Elvire anapekua meza yake tangu asubuhi. Ameshainua hata mkeka. Nimemshauri, kwa kuwa sasa mi ndiye patroni, ajifunze kupanga vitu vyake.

Dada ametuma picha kutoka Dubai. Amempakata mtoto, mtoto amevaa kile kisweta, wote wawili wanacheka. Chini yake ameandika swali moja: umegusa skrini?

Nimemjibu mara moja, kwa moyo mweupe kabisa: apana, Dada, Wallahi sijaigusa. Na ni kweli. Nimegusa kompyuta. Hiyo hakuiuliza.