Picha ya Mastura Akicheka

Jumamosi, 4 Julai 1953
Barua ya mama kutoka Songea. Hawezi kumbariki mwanamke wa pwani ambaye hata sura yake haijui. Anataka picha kabla ya Idi Kubwa. Na isiwe ya mtu aliyekakamaa kama anasubiri sindano; anataka kuona tabia. La sivyo atamleta Saumu, binti wa jirani, nimuoe. Saumu! Alishanipiga kwa mwiko.

Thabiti, karani wa stoo hapa tunapojenga gati, ana kamera. Ataniazima, imebakiza picha nane. Mimi nitamfulia nguo mwezi mzima. Nimempunja! Anasema picha nzuri hupigwa nje, juani, mtu akiwa hana habari.

Jumapili, 5 Julai
Mtawanya, kwa kina Mastura. Alikuwa uani anamenya mihogo, anaimba. Mwanga safi kabisa! Nikapiga hodi. Kosa. Tangu nimchumbie, akiniona hukimbia, kama binti yeyote mwenye adabu. Nimepiga mgongo wake ukiingia ndani. Shangazi yake, Bi Mwanakombo, akauliza kama Songea haya huuzwa dukani. Zimebaki saba.

Jumatano, 8 Julai
Zege tangu alfajiri. Mabega yanawaka moto. Jioni nikajibanza nyuma ya mkorosho, njia ya kisimani. Mastura akaja na wenzake, wanacheka. Nikajitokeza nikamwambia aendelee kucheka vilevile. Akajifunika kanga kichwa kizima. Nimepiga kanga. Halafu ndoo. Wenzake wakaniuliza: shemeji, unaoa mtu au unaoa kanga? Zimebaki tano.

Jumapili, 12 Julai
Nimelala kifudifudi katika shamba la mihogo saa nzima. Siafu! Nikaruka nikipiga yowe. Majirani wakaja na marungu wakidhani mwizi. Kidole kikabonyeza chenyewe. Nimepiga mawingu. Zimebaki nne.

Lakini njiani akili ikanijia. Mastura humkimbia mchumba. Thabiti si mchumba!

Jumapili, 19 Julai
Thabiti amekwenda badala yangu, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Nilimsihi asiwe na haraka, amchekeshe kwanza. Ametii. Ametoka saa tatu asubuhi, amerudi baada ya alasiri, ameshiba wali. Bi Mwanakombo anamwita mwanangu. Rafiki wa kweli!

Ijumaa, 24 Julai
Picha zimetoka kwa fundi, Mikindani. Zangu ni mgongo, kanga, ndoo na mawingu. Za Thabiti, subhana! Mastura yuko mkekani, jua limemwangukia shavuni, anacheka mpaka mwanya unaonekana. Anamtazama aliyeshika kamera. Mimi sijatazamwa hivyo tangu nizaliwe. Nimefurahi mno. Iliyo bora nimeituma kwa mama. Tatu zilizobaki Thabiti ameomba akae nazo. Nimempa. Atazitunza vizuri.

Jumapili, 9 Agosti
Bi Mwanakombo ameniita, akanirudishia posa. Mastura amesema mwanamume anayemtuma mwenzake akamwangalie mchumba wake hana haja ya mke. Ataolewa na Thabiti baada ya Idi. Nikauliza Thabiti ana nini nisichokuwa nacho mimi. Bi Mwanakombo akasema: kwanza, yeye huja mwenyewe.

Sikulia. Vumbi la saruji.

Jumamosi, 15 Agosti
Barua ya mama. Ameridhika! Picha ameionyesha ukoo mzima. Anasema mwenye cheko kama lile hawezi kuwa mchoyo. Saumu ameambiwa atafute mwingine. Mama yuko njiani, anakuja kwa lori kumkumbatia mkwewe.

Mkwe yupi?

Nimewaza kutwa nzima, karai la zege kichwani. Yuko Somoe, muuza uji wa langoni. Naye ana mwanya. Kwa mbali wanafanana. Ila akicheka sijui anakuwaje, maana mimi hanichekei. Nimemwomba Thabiti kesho akamchekeshe kidogo, anitazamie. Safari hii hakuna hatari yoyote. Thabiti ana mchumba tayari.