Mkwaju wa Mwisho wa Anwani

Jumatatu, 4 Machi
Nimegundua uchafu kwenye tovuti ya duka la shangazi la magauni ya harusi. Kila anwani inaishia na mkwaju, kile kijistari kilichoinama. Wa nini? Umekaa tu mwishoni kama mgeni asiyejua kuaga! Binamu, mtoto wa shangazi, aliyesomea kompyuta na hachoki kutukumbusha, anasema niuache. Eti baada ya jina la duka peke yake hauna neno, lakini kwenye kurasa za ndani, anwani yenye mkwaju na isiyo nao zinaweza kuwa vitu viwili. Wivu! Anajua shangazi anatafuta msimamizi wa tovuti.

Jumanne, 5 Machi
Nimefyeka mikwaju yote kabla ya chai. Raha! Shangazi kasema vizuri, mwanangu, bila kuinua macho kwenye cherehani. Binamu kauliza kama anwani za zamani nimezielekeza kwenye mpya. Nikamjibu wateja si vipofu.

Alhamisi, 7 Machi
Simu ya duka kimya. Nimemweleza shangazi kuwa huo ni utulivu wa kitaalamu. Mchana akaingia bibi harusi mtarajiwa, macho mekundu. Kila akifungua ukurasa wa miadi ya kupimwa anaambiwa haupo. Alidhani tumefunga duka na gauni lake limo ndani. Harusi keshokutwa! Kumbe kadi zote za duka tunazogawia wateja zimechapishwa anwani yenye mkwaju. Shangazi akamkumbatia, akampima pale pale. Kisha akanitazama. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejishusha. Nimemwita binamu “kaka”, na ni mdogo wangu! Akaandika mistari michache, anwani za mkwaju zikaanza kupeleka watu kwenye zisizo nao. Simu ikalia papo hapo. Akaniasa nichague namna moja, niishikilie, na nisivunje njia ambayo watu wameshaizoea. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Usimamizi kapewa yeye. Mimi nimepewa pasi.

Jumapili, 10 Machi
Jana gauni lilimkaa bibi harusi sawasawa. Alinipungia mkono. Amenisamehe, au alikuwa anamwita mpiga picha nyuma yangu. Nimetafakari sana. Tatizo halikuwa mkwaju hata kidogo. Tatizo ni herufi ndogo! Nani atamheshimu mtu anayenong'ona? Binamu kasahau kubadili nywila. Kesho asubuhi anwani zote nazigeuza herufi kubwa. Shangazi atafurahi mno.