Kiwanja cha Bwana Carbon Dioxide

Jumatatu, 6 Februari 2023. Kambi ya Mugunga.

Leo nimekuwa mtu mkubwa! Naandika haraka kabla kalamu haijaisha.

Asubuhi nilikwenda kutafuta kuni nyuma ya kambi. Mawe meusi ya volkano tu, hata kijiti hakuna. Kisha nikaona bonde dogo, tambarare, majani mabichi, upepo haufiki. Ukingoni kibao cha mbao mbili. Ya juu ilijaa matope. Nikaing'oa bila kuisoma, mama akaipikia maharage. Ya chini ilikuwa ya Kiingereza: CARBON DIOXIDE.

Nikaelewa palepale. Goma kila mwenye kiwanja anaandika jina lake ukutani, maana akienda sokoni tu, jirani amekwisha kukiuza. Huyu Carbon Dioxide ndiye mwenyewe. Mwingereza. Amekimbia vita kama sisi, ila yeye kwa ndege.

Na jina! Nimelisema kwa sauti mara kumi. Linajaza mdomo kama kiazi cha moto.

Jumanne, 7 Februari

Nimejiteua mwakilishi wa Bwana Carbon Dioxide. Éphraïm akacheka. Tulisoma pamoja Kibumba mpaka walimu waliponionea wivu, nikaacha. Alisema hilo si jina la mtu, ni kitu cha kemia, Wafaransa wanakiita dioxyde de carbone. Nikamjibu mbele ya watu: umesema mwenyewe! Dioxyde wa Carbone! Jina, kisha jina la baba. Waingereza wanatanguliza la baba, basi. Watu wakanipigia makofi. Éphraïm akauliza kama chumvi nayo ina baba. Wivu.

Jioni akaja Mama Léocadie, wa Masisi. Mtoto wake ana wiki tatu, hema lao liko juu ya mawe, na mvua ikinyesha maji yanapita chini ya mgongo. Aliomba nafasi kule bondeni. Nikasema nitamwombea kwa bwana. Akatoa kuku wake, yule aliyemkumbatia njia nzima kutoka Masisi, nimpelekee bwana kama zawadi. Nilikataa kwa adabu. Mara moja tu.

Jumatano, 8 Februari

Saa sita mchana nilishuka kupima kiwanja kwa hatua. Kichwa kikazunguka. Njaa hiyo. Katikati nikakuta kunguru amelala, hana kidonda, mabawa yamekunjwa vizuri. Panzi watatu pembeni yake. Na nzi hakuna! Hata mmoja! Kanisani penyewe hapana kimya kile. Nikavua kofia. Bwana gani huyu, anayeheshimiwa hata na nzi?

Jioni nimemfunga kuku palepale, amlindie mwenyewe mali yake. Mama Léocadie atahamia kesho.

Alhamisi, 9 Februari

Kuku amekufa! Kamba imelegea, manyoya safi, shingo ameilaza kama anayesali. Sijui nilipandaje.

Juu nikakutana na Mama Léocadie, turubai kichwani, mtoto mgongoni. Nikamwambia bwana amekataa. Akasema aje anikatalie yeye mwenyewe, mimi nimekimbia watu wenye bunduki, nitaogopa mutu mwenye jina tupu? Nikasimama njiani. Akanisukuma. Nikaapa. Akasema weye kijana ni muongo, umekiuza kwa mwingine! Mguu wa mtoto ulikuwa umetokeza kwenye kitenge, mdogo, unacheza hewani.

Hapo nikafanya jambo ambalo daftari hili lisimwambie mtu. Nilipiga kelele nikimwita Éphraïm. Nikatangaza mbele ya kambi kwamba sijui Kiingereza. Hata neno moja.

Éphraïm alikuja mbio na Mama Perpétue, yule injinia anayepima pumzi ya volkano. Mama Perpétue alifoka: ubao wa juu uko wapi, wenye neno MAZUKU, hewa inayoua? Nikasema vita vinaharibu vitu vingi.

Akawasha mshumaa ndani ya mkebe, akaushusha kwa kamba. Usawa wa kifua, unawaka. Usawa wa goti, zii! Hakuna aliyepuliza. Akawasha tena. Zii. Mara ya tatu.

Akatueleza jina. Carbon ni kaa, lilelile la moto. Di ni mbili. Oxide ni oksijeni iliyoshikana nalo. Kaa moja, oksijeni mbili, jina limekwisha. Alisema hewa hiyo kila mtu anaitoa puani, na mlima nao unaitoa, nzito, inatuama mabondeni kama maji, na anayelala humo haamki.

Nikapumua polepole nikijisikiliza. Mimi na volkano, pumzi moja!

Mama Léocadie alimtoa mtoto mgongoni, akambeba juu ya kichwa mpaka kambini.

Jumapili, 12 Februari

Mama Léocadie amepata nafasi ya juu, karibu na kanisa. Éphraïm alisomba mawe, mimi nikasimamia. Mama hasemi nami, ila mtoto alinishika kidole. Tumesameheana.

Baada ya misa nikateremka ziwani. Ufukweni kuna kibao, Kiingereza tena: METHANE. Sauti ya mwanamke, hakika. Jina moja tu, la baba hakuna, maskini. Na kiwanja chake ni maji yote mpaka Rwanda! Mama wa watu hana hata mwakilishi.

Juu ya METHANE kulikuwa na ubao mwingine, maandishi mengi ya Kiswahili, madogomadogo. Nimeung'oa. Mama yangu hana kuni.