Kujieleza kwa Mwalimu Aliyeharibiwa na Safari

Kwa Ndugu Afisa Elimu
(na kwa upande wa nyumbani, kwa Shemeji),

Pokea salamu zangu, na heshima yako uikute mahali pake, haijapungua hata punje.

YAH: KUJIELEZA KWA NINI NISICHUKULIWE HATUA ZA NIDHAMU

Barua yako ya onyo nimeipata. Ililetwa na tarishi wa ofisi yako, ambaye kwenye daftari la kupokelea barua ameandika hivi: "Nimebisha hodi mara kumi na nne, mwalimu amekaidi kuitika." Nimetia sahihi chini ya maneno hayo, kwa kuwa ni kweli tupu. Mimi ni kiziwi, na wanafunzi wangu kumi na tisa ni viziwi. Angebisha mpaka mlango ukaanguka tusingekuwa na habari, ila kwa vumbi.

Barua inanipa siku saba nieleze kwa nini nimeacha kufundisha kwa mdomo kama waraka unavyoagiza, nikaanza kufundisha kwa mikono, na kwa nini nisiondolewe darasani nikapange vitabu stoo. Kuhusu stoo sina neno; chumba changu cha darasa ndicho kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, na hadi leo kuna dawati moja la miguu mitatu halijahama. Kuhusu kosa pia sibishi. Nimelitenda, na mikono niliyolitendea ninayo. Ninachoomba ni haki moja tu, Shemeji: mkosaji wa kweli ajulikane. Mimi nilikuwa mtu mzuri. Aliyeniharibu ni safari, na sahihi iliyo chini ya kibali cha safari ni yako.

Kumbuka nilivyokuwa. Kwa miaka kumi na mitano nilifuata waraka kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Watoto waliweka mikono mezani, wakautazama mdomo wangu ukifunguka na kufungika kama wa samaki aliyetolewa majini. Mimi sijasikia kitu tangu homa iliponipitia nikiwa na miaka sita, kwa hiyo sauti niliyowapa siijui ilifananaje, na wao hawakuijua pia. Tulikuwa sare. Mwaka ukiisha walikuwa wamefaulu maneno matatu: "baba", "mama" na "papa". Jaribu mbele ya kioo, Shemeji, bila sauti. Mdomoni yote matatu ni neno moja. Mtoto anakutazama, hajui kama anaitiwa mzazi wa kiume, mzazi wa kike au samaki wa kumla. Hata hivyo hakuna aliyelalamika. Angelalamika kwa lipi, na mikono iko mezani?

Ndipo ukaja mwaliko wa wiki sita kutoka shule ya viziwi ya ng'ambo. Wewe ulikuwa umeshapimwa suti, fundi ni shahidi. Wenyeji wakaandika tena: wanamtaka mwalimu ambaye ni kiziwi mwenyewe. Katika idara nzima nikaonekana mimi peke yangu. (Wapo wengine wasiosikia, lakini hao wana masikio.) Nikaenda. Na haya ndiyo madhara niliyopata, kwa mpangilio.

1. Madhara yalianza hapa hapa kwetu, kiwanja cha ndege. Nilimwonyesha mhudumu kikaratasi: "Mimi ni kiziwi, tafadhali niandikie." Akasoma, akasikitika, akaondoka mbio, akarudi na kiti cha magurudumu. Nikamwandikia: "Miguu ni mizima." Akasoma hilo nalo, akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyeona mengi, akanikalisha na kunifunga mkanda. Nikasukumwa kupita foleni nzima. Nakiri kwamba karibu na mlango niliwapungia watu mkono. Lakini tangu hapo kuna wazo limenikaa kichwani na halitoki: huenda tatizo halimo masikioni mwangu peke yake.

2. Nilipofika shuleni kwao, mlinzi wa geti aliniuliza kwa mikono safari ilikuwaje, nimeacha nani nyumbani, na kwa nini nimekonda kuliko picha yangu. Shemeji, katika maisha yangu mlinzi wa geti hajawahi kuniuliza kitu zaidi ya kunionyesha mahali pa kutia sahihi. Mpishi anazungumza kwa alama. Mwenye duka la mkate ng'ambo ya barabara anazungumza kwa alama. Mwalimu mkuu ni kiziwi, na anagomba kwa alama mpaka unarudi nyuma usipigwe kiwiko. Siku mbili nzima nilizunguka nikitafuta viziwi, nikashindwa kujua yupi ni yupi.

Na usidhani nilielewana nao papo kwa papo; hata yale maswali ya mlinzi niliyaelewa baada ya kurudiwa mara tatu kwa kuigiza. Watu hufikiri alama zetu ni moja dunia nzima. Mimi nilisema "asante" kwa namna yetu, meza nzima ikaangua kicheko; kwao nilikuwa nimesema "mbuzi". Lakini hakuna aliyenihurumia. Walinisahihisha, wakanicheka, wakanisahihisha tena, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeshaweza kusengenya. Mtu akishaweza kusengenya katika lugha ya watu, huyo amefika.

3. Vikao. Hili ni dhara kubwa. Hapa nyumbani, kwenye kikao cha walimu, mimi hukaa dirishani na kazi yangu ya kusahihisha. Mwishoni jirani yangu huniandikia muhtasari kwenye kona ya daftari: "Kikao kimekwenda vizuri." Miaka kumi na mitano, na vikao vyote vimekwenda vizuri! Niliamini wenzangu ni watu wa hekima nzito. Kule wakaniwekea mkalimani, na kwa mara ya kwanza nikajua kikao ni kitu gani. Saa tatu nzima, Shemeji. Saa tatu juu ya nani amehamisha kikapu cha taka. Niliporudi nikaomba mkalimani hapa kwetu ili nilinganishe. Jibu lenu lilikuwa kwamba "hakuna la maana linalosemwa humo". Sasa najua mlisema kweli, na amani yangu ya dirishani imepotea.

4. Hili ni la kifamilia, unisamehe kulileta ofisini. Mwenyeji wangu, mwalimu wa hesabu, alinialika mezani kwao. Mama yake mzazi anasikia vizuri kabisa, lakini kwa kuwa ana mtoto kiziwi, anazungumza kwa alama hata na paka. Pale mezani mtu akasema jambo, wote wakacheka. Mimi, kwa mazoea yangu, nikacheka nao huku nikitazama sahani. Yule mama akaniuliza, "Unacheka nini?" Akanisimulia kichekesho chote tangu mwanzo, kilihusu jirani na ngazi.

Wala hakikuwa cha kuchekesha.

Unajua dada yangu, mkeo, hunijibuje watu wakicheka mezani kwenu nami nikauliza kulikoni. Husema, "Nitakueleza baadaye." Naijua midomo yake, neno hilo nalisoma hata akiwa na tonge mdomoni. Baadaye hiyo naingoja tangu tukiwa wasichana. Nilikuwa nikijiliwaza kwamba ninavyonyimwa lazima ni vitamu mno. Sasa nimeingiwa na shaka kwamba miaka yote hiyo mlikuwa mnacheka habari za jirani na ngazi.

5. Nilipewa darasa nifundishe. Nikaandika hesabu ubaoni, binti mmoja, kimo chake hakiuzidi ufagio, akanyoosha mkono akasema, "Hapo umekosea." Nikatazama. Nilikuwa nimekosea. Kwangu hakuna mtoto aliyewahi kuniambia hivyo, nami nilikuwa nimehesabu kwamba sababu ni umahiri wangu.

Yule binti hakuishia hapo. Aliniuliza, "Kwenu watoto viziwi wakikua wanakuwa nini?"

Hapa naomba niandike taratibu. Niliwapitisha kichwani wote waliopita mikononi mwangu. Mmoja namwona sokoni akishusha magunia. Mmoja anafagia ua wa baba yake, na hatoki. Waliobaki sijui walipo, kwa sababu hawakuwahi kuwa na neno la kuniagia. Walijua matatu tu, na yote matatu mdomoni ni mamoja. Darasa zima lilikuwa likinitazama, na kwao ukimtazama mtu maana yake unamsikiliza. Nikamwambia yule binti, "Nitakueleza baadaye."

Nilipokwisha kulisema ndipo nikaliona neno nililolisema. Sikula mchana ule.

6. Nimerudi, na niliyoyafanya unayajua. Siku ya kwanza niliwaambia watoto watoe mikono mezani. Walinitazama kama mtu anayewategea. Siku ya tatu wakaanza kuuliza. Sasa hawanyamazi: kwa nini jua haliishi, kwa nini mwalimu hana mume, nani aliamua kwamba saba inakuja baada ya sita. Ndipo ukamtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikaa nyuma, kwenye lile dawati la miguu mitatu, kwa maana hakuuliza. Muda wote watoto walikuwa wakijadiliana juu yake. Mmoja wao, ambaye kwenye faili zenu ameandikwa "mzito wa kuelewa", alieleza jinsi tumbo la mgeni linavyoingia mlangoni kwanza na mwenyewe akafuata, akaigiza vyote viwili, tumbo na mlango, mpaka wenzake wakaangukiana. Nilimwandikia mkaguzi nikamwuliza kama angependa kutafsiriwa. Akanijibu kwa maandishi makubwa: "MIMI SINA ULEMAVU." Kwa dakika arobaini alikuwa ndiye mtu pekee mle ndani asiyejua kinachosemwa. Mimi hali hiyo naijua, na kwa kweli nilimwonea huruma. Nilikaribia kumwendea nimwambie atajulishwa baadaye.

Taarifa yake ninayo mbele yangu. Mstari wa kwanza: "Darasa lina utulivu wa kupigiwa mfano." Mstari wa pili: "Mwalimu hafundishi, anapunga mikono tu." Yote mawili mmeyakubali.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, ili nirudi kuwa nilivyokuwa, na janga hili lisiwapate wengine, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo:

(a) Asipelekwe tena kiziwi yeyote mahali ambapo atazungumzishwa kama mtu. Akirudi hashikiki. Safari zote ziende kwa wenye suti.

(b) Itolewe amri ya kuzuia maswali katika chumba changu. Na kwa kuwa swali halianzii mkononi, huanzia kichwani, amri ifike huko pia.

(c) Kwa kuwa mikono ndiyo chanzo, wanafunzi wavishwe mifuko mikononi tangu kengele ya asubuhi. Najua hawataweza kuandika, lakini kuandika nako ni kusema, kwa hiyo tutakuwa tumeua ndege wawili. Najua pia hawataweza kula. Hilo litapunguza kazi ya mpishi. Yatabaki macho. Nayo yana hatari yake, kwa maana nimeona mtoto akimtania mwenzake kwa nyusi tu; yafumbwe. Mtoto akishafungwa mikono na kufumbwa macho, tumsimamishe mbele ya mdomo wangu, nami nimfundishe "baba", "mama" na "papa" kwa mujibu wa waraka.

(d) Mkaguzi apewe cheti, kwa kuwa ndiye mtu aliyefuata waraka kikamilifu kuliko wote: alitulia, mikono mezani, akatazama, asielewe chochote.

Ukinitimizia hayo, naahidi kurudi dirishani na kuamini kwamba kila kikao kimekwenda vizuri.

Nisalimie dada, mwambie bado nangoja. Wasalimie wapwa zangu wote, na mkubwa mwambie aache kupiga kelele akinisemesha, ajaribu kunitazama. Tarishi msalimie pia. Siku nyingine apunge mkono dirishani, atafunguliwa upesi. Mkaguzi mpe pole ya kiuno, lile dawati si rafiki wa mtu. Wote wa ofisini, wanaonisikia na wasionisikia, wasalimie.

Mimi wako mtiifu, kwa kadiri mikono inavyoniruhusu,
Mwalimu wa Chumba cha Nyuma.

Baada ya sahihi:

Nilikuwa nimeshalamba bahasha alipokuja mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mfua nguo, mikono bado ina povu. Mwanawe ana miaka tisa. Alikuwa amekuja na alama aliyoionyesha mtoto nyumbani, ameishika viganjani kama mtu aliyebeba yai, aniulize maana yake. Aliniigizia jinsi mtoto alivyojipiga kifua, akafanya alama moja, kisha akamwelekezea yeye kidole, akangoja. Mtoto aliirudia mpaka akalia.

Nikamwandikia: "Anakwambia jina lake. Anauliza la kwako."

Miaka tisa, Shemeji. Amembeba mgongoni, amemwogesha, amekesha naye akiwa mgonjwa, na mwana hajui mama yake anaitwa nani. Tuliketi pale pale kizingitini tukatafuta jina la alama linalomfaa, akalifanyia mazoezi mpaka povu likamkaukia.

Leo asubuhi kaja tena, amenuna. Ameniandikia kwamba tangu kupambazuka mtoto anamwita, anamwita, na akigeuka anaulizwa jina la sabuni, jina la jirani, jina la mvuke wa pasi. Nguo za watu zimelala hazijaguswa. Anataka kulalamika kwa mkubwa anayehusika. Nilipomtazama vizuri nikaona mashavu yamemshinda, kicheko kimejaa hakina pa kutokea.

Basi barua hii ichane, pamoja na maombi yote manne. Malalamiko ya haki ni ya huyu mama, nami nimekubali kumwandikia. Nitakuletea malalamiko hayo ofisini mimi mwenyewe Jumatatu. Nitachelewa kidogo, kwa sababu asubuhi nina kipindi.